Pezi la kaboni kwa maji ya Winam: mwongozo kamili wa kulitengeneza nyumbani

Kitambaa cha faiba kikishiba resini hubadilika. Weupe wake unatoweka, kinakuwa kama kioo, na palipobaki pakavu panajitokeza kama doa jeupe. Kaboni, yaani kitambaa cha nyuzi nyeusi, haikusaidii hivyo. Ikishiba ni nyeusi, ikikaa kavu ni nyeusi, na pezi lenye pengo kavu katikati linaweza kung'aa vizuri kuliko lililo zima. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye mizani, mkasi na saa ya kuanza kazi kuliko kwenye brashi. Ukifungua mkebe wa resini, mambo mengi yatakuwa yameshaamuliwa.

Pezi ninalolisema ni ule ubapa unaosimama chini ya mkia wa ubao wa tanga. Bila hilo ubao huenda ubavu ubavu, upepo ukikusukuma kama kopo tupu. Mapezi mengi yanayouzwa yametengenezwa kwa bahari: yamesimama karibu wima, marefu, membamba. Hapa kwetu Kisumu, kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, kuna gugu maji. Tangu lilipoenea ziwani miaka ya 1990 halijaondoka, na upepo wa alasiri unaotoka ziwani kuja mjini unalisukuma hadi kwenye maji tunayochezea, kuanzia Dunga mpaka mbele ya mji. Mzizi mmoja ukikumbatia pezi lililosimama wima, ubao unasita ghafla na wewe unaendelea mbele pamoja na tanga. Dawa yake ni pezi lililolala nyuma, digrii 45 hivi, ili gugu liteleze kuelekea ncha na kuachia. Mapezi ya namna hiyo yapo, ila kuyaagiza ni gharama, na ukishavunja moja kwenye jiwe unaanza upya. Nami nimeamini kwamba mtu mwenye subira anaweza kutengeneza zuri mwenyewe, akiwa na plaiwudi, mizani ya jikoni na nusu mita ya kitambaa.

Vitu vya kutafuta

Kitambaa chenyewe hukipati kwenye hardware za mjini, kinaagizwa. Agiza aina mbili. Ya kwanza ni ya kufumwa kimshazari, gramu 200 kwa mita ya mraba, ile yenye mistari ya kukatiza inayojulikana na wengi. Ya pili ni ya nyuzi za upande mmoja tu, zote zimelala sambamba, uzito huo huo au zaidi kidogo. Ongeza faiba nyepesi ya kawaida, gramu 80 hadi 100, kwa tabaka la nje.

Resini iwe epoksi. Hili nalisisitiza kwa sababu ukiuliza dukani "resini ya faiba" utapewa poliesta, ile ya kutengenezea matangi na kuziba bodi za matatu. Ni nzuri kwa kazi hizo. Kwenye kaboni haishiki vizuri: nyuzi za kaboni kwa kawaida hupakwa kiwandani kitu cha kupatana na epoksi, na poliesta husinyaa zaidi inapokauka. Pezi litaanza kubanduka tabaka kwa tabaka. Hadina ya epoksi, ile dawa ya kuigandisha, chukua ya polepole, na utaona sababu huko mbele.

Mengine yanapatikana: plaiwudi ya majini ya milimita 6, karatasi ya nailoni ya ujenzi, ile nene inayotandikwa chini ya zege, glavu za nitrili, barakoa ya vumbi laini (si ya kitambaa), msasa kuanzia namba 80 hadi 600, na mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Kipapurio, kibamba cha kusambazia resini, nakata kwenye ubavu wa jerikeni kuukuu. Hakuna cha dukani kinachokishinda.

Kitu kimoja nilikitafuta soko la Kibuye kwa muda: kitambaa kinachowekwa juu ya kaboni mbichi na kubanduliwa resini ikishakauka, kikiacha uso wenye kwaruzo safi. Vya kiwandani vipo. Mimi natumia bitana ya nailoni. Mama fundi mmoja wa kushona aliniuliza, "Bitana ya suti ama ya gauni?" Nikamwambia isiyopakwa kitu chochote. Akamwaga tone la maji juu ya vitambaa viwili. Tone moja likabaki limesimama, la pili likazama. "Chukua hii inayokunywa," akasema. Hicho ndicho kipimo changu mpaka leo. Hata hivyo, jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni uone kama kinabanduka.

Kiini cha plaiwudi

Chora pezi kwenye karatasi ngumu. Kwa ubao wa kawaida na tanga la mita za mraba 5 hadi 6, urefu wa sentimita 28 ukiwa na upana wa sentimita 11 kwenye shina, pale linapotokea kwenye ubao, unatosha. Pezi lililolala hushika maji kidogo kuliko lililosimama, kwa hiyo usilibane upana. Ukingo wa nyuma uchore mstari ulionyooka. Wengi wanapenda mkunjo mzuri wa mundu, lakini mstari ulionyooka utakuokoa wakati wa kubana.

Kabla ya kukata kitu, pima sanduku la pezi kwenye ubao wako, yaani tundu linaloingia kichwa cha pezi, kwa kalipa: upana juu, upana chini, urefu, na mahali pa skrubu. Yapo ya aina nyingi. Rahisi kwa mtu wa nyumbani ni lile refu la mfereji, lenye pini upande mmoja na skrubu yenye kibati upande wa pili. Mengine yanataka kichwa chenye mteremko, nacho hutengenezwa kwa kumwaga resini kwenye kalibu. Yaache kwa pezi lako la pili.

Kiini kiwe kidogo kuliko mchoro: milimita 10 ndani upande wa mbele, 25 upande wa nyuma, 20 kwenye ncha. Kingo zitakuwa kaboni tupu, na hapo ndipo mawe yanapopiga. Kisha chonga kwa randa ndogo na tupa mpaka upate umbo: mviringo mpole mbele, unene mkubwa kabisa kwenye theluthi ya kwanza, halafu linapungua polepole kuelekea nyuma. Plaiwudi inakuongoza yenyewe. Kila tabaka unalolivuka linaacha mstari wa gundi, kama mistari ya vilima kwenye ramani. Mistari ya upande wa kushoto ikifanana na ya kulia, umepata. Ikipinda mahali pamoja, hapo umekula sana au kidogo. Chukua muda. Kaboni itafuata kiini kama nguo inavyofuata mwili, na kosa la hapa halifichiki baadaye.

Ukimaliza, paka epoksi nyembamba kote kuziba vinyweleo vya mbao. Fanya hivyo jioni, joto likishuka. Mbao iliyopashwa na jua la mchana ina hewa ndani; ikipoa, hewa husinyaa na kuivuta resini ndani. Ukipaka asubuhi jua likipanda, hewa hutanuka na kukuachia viputo mia.

Mkasi

Hapa ndipo nguvu ya pezi inapotoka.

Chukua kitenge, ukivute kwa kufuata uzi: hakinyumbuki. Kivute pembe kwa pembe, kimshazari: kinanyumbuka. Mafundi wa kushona wanajua hilo tangu siku ya kwanza. Kaboni ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba ukishaigandisha kwa resini, kila uzi unabaki kufanya kazi upande mmoja tu: kuvutwa na kusukumwa kwa urefu wake. Pezi linapata mateso ya aina mbili. Maji yanalikunja kutoka shina hadi ncha, na yanalisokota, ncha ikitaka kugeuka peke yake. Nyuzi zinazokwenda kutoka kichwa hadi ncha zinazuia kukunjwa. Nyuzi zilizokatwa kimshazari, digrii 45 kushoto na kulia, zinazuia kusokotwa. Ukiweka za aina moja tu, pezi litakuwa gumu mkononi na laini majini.

Na "kutoka kichwa hadi ncha" maana yake ni kufuata ule mlalo wa digrii 45 wa pezi. Kosa la kawaida ni kulaza nyuzi wima kutoka kwenye ubao kwa sababu kichwa kimenyooka hivyo. Nyuzi za namna hiyo zinaishia kwenye ukingo wa mbele kabla hazijafika ncha.

Kwa kila upande nakata: kipande kimoja cha kitambaa cha kufumwa, kilichokatwa kimshazari, cha pezi zima; vipande vitatu vya nyuzi za upande mmoja, cha kwanza kizima, cha pili robo tatu ya urefu, cha tatu nusu; kisha mshazari mwingine mzima; na juu kabisa faiba nyepesi. Vyote vipite mpaka ndani ya kichwa bila kukatika, kwani mapezi huvunjika pale yanapotokea kwenye ubao. Kila tabaka la kaboni la gramu 200, likibanwa vizuri, linatoa takriban robo milimita. Kwa hiyo ukuta mmoja kwenye shina, pamoja na faiba, ni milimita 1.35 hivi, na pezi zima, pamoja na kiini, karibu 8.7. Kichwa kikilegea kwenye sanduku, utakijaza kwa vipande vya faiba.

Sasa namna ya kukata. Usikikunje kitambaa cha kaboni kamwe, kizungushie bomba. Mkunjo huvunja nyuzi, na uzi mmoja ni mikroni 7 hivi, mwembamba kuliko unywele mara kumi, hivyo huoni ulichovunja. Bandika utepe wa karatasi, ule wa wapaka rangi, juu ya mstari wa kukata, kisha kata katikati ya utepe. Nusu ya utepe inabaki kwenye kipande, nusu kwenye kitambaa, na nyuzi haziwezi kukimbia. Mkasi uwe mkali na uwe wa kazi hiyo peke yake. Acha sentimita 2 za ziada kuzunguka mchoro. Utepe uwe kwenye sehemu hiyo, ambayo itakatwa baadaye. Vipange vipande kwa zamu yake, uandike namba kwenye utepe. Ukiwa na resini mikononi hutakuwa na muda wa kufikiri kipi ni kipi.

Resini na joto la Kisumu

Pima vipande vyote vikavu. Tuseme vimefika gramu 90. Resini ya kuvishibisha iwe uzito huo huo, 90, uongeze sehemu ya tano kwa ajili ya kiini na ile itakayobaki kwenye kopo: 108. Kama epoksi yako inataka 100 kwa 30, chota resini 83 na hadina 25. Soma kipimo kilichoandikwa kwenye mkebe wako. Kila moja ina chake, na cha ujazo si sawa na cha uzito. Poliesta imewazoesha mafundi kuongeza dawa ili ikauke haraka. Kwa epoksi ni marufuku. Hadina ya ziada haina cha kushikana nayo, inabaki ndani, na pezi linakuwa kama mpira.

Koroga dakika 2 nzima ukikwangua pembeni na chini, hamishia kopo la pili, koroga tena.

Muda wa kazi ulioandikwa kwenye mkebe kwa kawaida ni wa digrii 25. Kila joto likipanda digrii 10, muda unapungua karibu nusu. Chini ya mabati mchana joto linapita 30 bila shida. Tena epoksi ikigandamana hutoa joto lake yenyewe, na ikiwa kwenye kopo refu joto halina pa kutokea. Niliwahi kuchanganya gramu 150 kwenye chupa iliyokatwa, saa nane mchana, nikageuka kurekebisha nailoni. Niliporudi chupa ilikuwa imelegea na moshi unatoka. Kitambaa kilichokwisha kukatwa kilinusurika. Resini yote ilipotea. Tangu hapo naanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na nikimaliza kukoroga naimwaga kwenye sinia pana lililotandikwa nailoni. Ikiwa nyembamba hivyo haipati moto.

Vaa glavu tangu mwanzo. Epoksi inaweza isikufanye kitu mara kumi, kisha mara ya kumi na moja ngozi ikaikataa, na baada ya hapo ikaikataa siku zote. Ikikugusa, osha kwa sabuni na maji. Usijifute kwa thina, inaiingiza ndani ya ngozi.

Kulaza

Kiini kilichozibwa jana kiguse: kikiwa na utelezi kama wa mafuta, hasa kama usiku ulikuwa na unyevu, kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sponji ya vyombo, kikaushe, kisha kipige msasa 80. Utelezi huo ukiachwa, tabaka halishiki.

Sipaki resini juu ya kaboni iliyokwisha kulala. Natandika nailoni mezani, namwaga resini kidogo, nalaza kipande juu yake, na kuiacha ipande kutoka chini. Ikitokeza juu yenyewe, najua imepita ndani. Kisha napapura taratibu kwa kufuata nyuzi. Inamisha kichwa uangalie kwa taa ya pembeni: palipo pakavu hapang'ai, pana rangi ya kijivu kama majivu. Ni hapo tu kaboni inapokuambia ukweli, na kwa sekunde chache. Pima tena kipande kilichoshiba: kilichokuwa gramu 10 kiwe 20 hivi. Kikiwa 26, papura zaidi; resini ya ziada ni uzito bila nguvu.

Laza upande wa kwanza kwa zamu uliyoiandika, geuza, laza wa pili uleule. Pande mbili zisipofanana, pezi litapinda likikauka. Ukingo wa mbele ujazwe kwa uji wa epoksi na nyuzi za kaboni zilizokatwakatwa kutoka kwenye mabaki. Mwisho bitana juu, pande zote mbili.

Kubana

Njia nyepesi ni mbao mbili na vipande vya godoro la sponji katikati, vimefunikwa nailoni, halafu mawe au klampu. Godoro linafuata mzunguko wa pezi. Linafanya kazi, ila si sawasawa kila mahali.

Bora ni mfuko wa kunyonya hewa. Kompresa ya friji kuukuu inavuta vizuri ukiunga mpira upande wake wa kunyonya. Juu ya bitana weka nailoni yenye vitundu vya sindano, juu yake taulo kuukuu la kunywa resini, kisha mfuko wenyewe uliofungwa kwa utepe wa mpira unaonata. Kwenye ukingo wa nyuma weka rula mbili za shule za sentimita 30, moja kila upande, zimefungwa nailoni. Mfuko ukikaza, rula zinabana ukingo na kuunyoosha kabisa. Hii ndiyo sababu nilikuambia uchore mstari.

Kuhusu geji: nilipoteza saa nyingi nikitafuta tundu kwenye mfuko kwa sababu mshale haukufika baa 1. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu inasukuma kwa takriban baa 0.88, siyo 1. Ukisoma 0.8 umevuta karibu yote iliyopo. Kaza hivyo, acha hadi kesho yake.

Kuivisha na msasa

Bandua bitana. Kabla ya kukata, pezi liive. Epoksi iliyokauka kwa hewa ya kawaida hulegea tena ikipata joto la kutosha, na pezi jeusi likiachwa mchangani juani linafika joto hilo. Kwa hiyo ipashe mapema kwa utaratibu: kisanduku cha vifaranga chenye balbu kinafaa sana, digrii 50 hadi 60 kwa saa 6 au zaidi, ukipandisha polepole, pezi limelazwa na kuegemezwa lisipinde. Weka kipimajoto ndani.

Kata kingo kwa msumeno wa chuma, nje ya nyumba, upepo ukiwa mgongoni. Vumbi la kaboni linawasha, na linapitisha umeme. Likiingia kwenye grainda au swichi linaunguza. Mimi nakata kwa mkono na kupiga msasa kwa maji, beseni pembeni. Msasa uguse ile faiba ya nje tu. Ukiona weusi umeanza kuchora maji, umefika kwenye kaboni, acha.

Ukingo wa mbele uzungushe kama upande butu wa yai, bila kona. Ukingo wa nyuma upunguze hadi milimita 1. Pezi likivuma majini kama nyuki, ukingo wa nyuma ni mnene na umekatwa bapa: upige mteremko mdogo upande mmoja na sauti itaondoka. Ubao ukichomoka ubavu ghafla ukiwa kasi, kagua ukingo wa mbele kwa kidole; kuna kidonda mahali.

Kichwa kikaze kwenye sanduku kwa kuongeza faiba, siyo kaboni, ili chuma kisigusane na kaboni kwenye maji. Skrubu iwe ya chuma kisichoshika kutu. Tundu litobolewe kubwa, lijazwe epoksi na nyuzi za faiba, kisha litobolewe tena kwa kipimo chake; mbao ya kiini isionje maji.

Siku ya kwanza, nenda maji ya kiuno. Kaa mbali na pale viboko wanapopenda kupumzika, na mbali na nyavu za wavuvi. Kabla ya kupanda, shika ncha ya pezi na ulikunje kwa mkono kulia na kushoto ukiwa umelikazia sikio. Likitoa mlio wa kukatika kama kijiti kikavu, kuna tabaka lililoachana. Rudi nalo nyumbani. Likinyamaza, subiri upepo wa saa tisa, uelekeze ubao kwenye utando mwembamba wa magugu, usikilize chini ya miguu. Ukiupita bila kusita, kata pezi la pili kwenye mchoro uleule, na hili la kwanza ulipake rangi nyeupe usije ukalisahau juani.